Lalamiko la Kitanda cha Nne

Nilikuwa nimejifungua miezi minne nyuma, na treni ya Kilosa ikipiga honi maziwa yalinitoka. Sijui kwa nini treni. Mwanangu alikuwa Mikumi kwa mama yangu, mimi huku nafagia wodi na kutandika vitanda, na honi ikilia kifua kinajibu kama kimeitwa. Nilitembea na gauni limelowa, nusu nimelala, nikiiona wodi nzima kana kwamba iko chini ya maji. Vyandarua vilivyofungwa mafundo viliyumba taratibu, na wanawake walizungumza kwa sauti za mbali.

Hospitali ilikuwa ndogo, ya mtu binafsi, katika miaka ile ya ruksa kila mwenye nafasi alipofungua chochote. Mwenye hospitali alileta sanduku la bati, akalipaka rangi ya samawati, akalipigilia mlangoni: MAONI YA WAGONJWA. Kufuli juu, penseli ikining'inia kwa uzi. Hakuuliza nani ataandika. Wengi waliolala mle hawakujua kuandika, na waliojua waliona haya kuandika neno baya juu ya mtu aliyewazalisha. Mimi nilikuwa na kidato cha nne changu. Kwa hiyo mchana, sista wa wodi akienda kula, nilikaa ukingoni mwa kitanda na daftari, wakaniambia.

"Andika uji una maji kuliko mto Mkondoa," alisema mama wa kitanda cha pili. "Ila tanguliza kwamba tunashukuru."

Wote walitanguliza shukrani. Niliziandika mpaka vidole vikauma.

Kitanda cha nne alilala binti wa rika langu, wa wafugaji waliotoka kanda ya ziwa wakahamia Masanze. Homa ya uzazi ilikuwa imemweka siku nane. Mama mkwe wake alikaa sakafuni kwenye mkeka. Kiswahili chake kilikuwa cha salamu tu. Nikimwamkia shikamoo, anaitikia marahaba, kisha ananitazama muda mrefu bila kupepesa.

Alhamisi yule binti akaniita. "Dada, na mimi niandikie."

"Sema."

"Jana asubuhi kitovu cha mtoto kilikatika. Nikakifunga kwenye pamba, nikaweka chini ya mto, nikaenda kuoga. Narudi, shuka jipya, kitovu hakuna. Andika kwamba aliyetandika amekitupa."

Ile pamba niliikumbuka. Ilikuwa nyepesi, kama imeshika mdudu mkavu. Niliiokota kwa vidole viwili nikaitia kwenye ndoo, na ndoo ikaenda kwenye shimo la kuchomea taka. Mimi huyu, niliyesimama nyuma ya nyumba yetu Mikumi nikimwangalia mama anakizika cha mwanangu, ardhi ikitetemeka kwa malori.

"Ulimwona aliyetandika?" nikamuuliza.

"Namjua." Akaitazama mikono yangu. "Ndiyo maana nakuambia wewe."

 Akaendelea, polepole, kama anasimulia ndoto.

"Tukipita na ng'ombe wanatuambia hapa si kwenu, rudini mlikotoka. Mama mkwe alitaka tukizike pale mlangoni kwetu. Wakimuuliza huyu mtoto kwao wapi, awe na pa kuwaonyesha. Sasa nitawaonyesha nini?"

Nilikuwa kwenye majaribio. Lalamiko moja zito lingenirudisha Mikumi nikauze mahindi ya kuchoma kwa madereva. Nikaandika yote. Nikaandika kitovu kimetupwa na mhudumu wa zamu ya asubuhi, hapa Kilosa, kikachomwa. Shukrani sikuweka, na yeye hakuniambia niweke. Nikaichana karatasi, nikaitumbukiza sandukuni.

Ijumaa sista akafungua sanduku. Akazipanga karatasi mezani, akaniita.

"Mwandiko mmoja. Wodi nzima ina mkono mmoja?"

"Wao walisema, sista, mimi niliandika."

"Na hili la kitovu?"

"Nilikitupa mimi."

Akacheka, kwa upole kabisa. "Mtu hajishtaki, binti. Unajitungia maneno ili mwenye hospitali akuone mwema. Na kitovu kimekuwa lini mali ya hospitali?" Akazisukuma karatasi zote kwenye ndoo, ndoo ileile. "Kachome. Mimi sijasoma kitu."

Nikabaki kazini. Hilo ndilo linaloniudhi hadi leo, mwanangu sasa ni mtu mzima. Nilisema kweli, na kwa kuwa niliisema mwenyewe ikageuka uongo.

Kule shimoni nilikopeleka ndoo, moshi wa jana ulikuwa bado unatoka, mwembamba, unapinda kama uzi. Nikapiga magoti nikachakura kwa mikono. Jivu lilikuwa laini, vuguvugu. Nilichakura bila kujua natafuta nini, hadi nikaona miguu ya bibi yule wa mkekani pembeni yangu. Nyuma yake mkwewe na mtoto mgongoni, wameruhusiwa, wanaondoka.

Bibi akachuchumaa. Akachota konzi moja ya jivu, akalimimina kwenye pindo la kanga, akafunga fundo, akalivuta kwa meno likaze. Akasema neno kwa Kisukuma.

"Anasema kimo humu humu," binti akanitafsiria. "Jivu hili linatosha. Na anataka ile karatasi."

"Ya nini? Sista kaikataa."

"Umeandika Kilosa?"

"Nimeandika."

"Basi lete, tutawaonyesha hiyo."

Nikaitafuta kwenye ndoo, nikaifuta jivu kwa gauni langu, ikashika unyevu wa maziwa pembeni. Bibi akaikunja mara nne, akaiweka kifuani. Wakaenda kwa mwendo wa mgonjwa, wakififia kwenye joto la njia. Treni ikapiga honi. Kifua changu kikajibu, na mtoto wa kitanda cha nne, mgongoni kwa mama yake, akaanza kulia.

Zile karatasi nyingine sikuzichoma. Niliziingiza tena sandukuni, moja moja, na Ijumaa iliyofuata sista akazisoma upya.