Siku Nyanya Bhoke Aliposhuka Maporomokoni

Siku yangu ya kwanza kazini kama mwongozaji wa wageni nilifika ofisini Homa Bay nikiwa nimevaa viatu vya kanisani. Mkuu wa Safari, mzee mrefu mwenye miwani iliyofungwa uzi upande mmoja, alivitazama viatu vile kabla hajanitazama usoni.

"Nyathina," akasema, na kwa Kijaluo hilo ni kama kusema mwanangu, "hivyo vitakutoa machozi kabla ya saa nne. Una vingine?"

Sikuwa na vingine. Siku hiyo niliwapeleka walimu ishirini na wawili kisiwani Rusinga, na saa nne ilinikuta natembea pekupeku kwenye changarawe, nikieleza habari za kisiwa huku nimekenua meno kama mtu asiyesikia chochote. Jioni Mkuu alinipa raba kuukuu za mke wake. Nikazivaa mwaka mzima.

Ninyi mnaoingia kazi hii leo mna simu inayowaonyesha njia. Sisi tulikuwa na karatasi. Karatasi kubwa kuliko zote ilikuwa manifesti, yaani orodha ya abiria: jina, namba ya kitambulisho, na mtu wa kupigiwa simu likitokea la kutokea. Kila gari liliposimama nilihesabu vichwa, na kila lilipotaka kuondoka nilihesabu tena. Nyuma ya msafara alitembea mtu wa mkia, ambaye kazi yake ilikuwa kuhakikisha hakuna anayebaki nyuma yake. Baada ya siku ile ya viatu, Mkuu alinifanya mtu wa mkia kwa miezi minne kabla ya kunirudisha mbele. Nililalamika. Akaniambia, "Ukiwa mbele utaona wenye nguvu peke yao. Kaa nyuma kwanza, uwajue wanaochoka."

Tena alinifundisha sheria ya mteremko. Tulikuwa tukiwapeleka wageni kwenye vilima na mito, na kila palipokuwa na bonde alisema, "Kushuka, hata gunia la mahindi linashuka. Wewe uliza nani ataweza kupanda." Asiyeweza kupanda mwenyewe, hashuki. Niliishika sheria hiyo kwa miaka mingi, na nawaambia hata leo ni sheria nzuri.

Baada ya Homa Bay nilihamishiwa tawi la Migori. Huko Meneja alikuwa mtu wa maneno machache, na hakuna siku niliyomwona amechelewa. Alianzisha safari za siku moja za kuvuka mpaka: mnaondoka Migori alfajiri, mnavuka Isebania kuingia Sirari, mnakwenda Shirati kuona mji mkongwe ulio karibu na ziwa, mnapitia maporomoko ya maji kwenye milima ya Tarime, mnasimama sokoni Tarime mjini kidogo, halafu nyumbani kabla ya giza. Gari letu lilikatiwa kibali cha siku moja, na kibali hicho kiliisha saa kumi na mbili jioni. "Saa kumi na mbili na dakika moja," Meneja alipenda kusema, "hilo gari si letu. Ni lao."

Dereva wangu kwa miaka tisa alikuwa Chacha, Mkuria wa Kehancha, mtu mpana wa mabega na mwoga wa paka. Mimi ni nyar Magunga, binti wa Magunga kule Suba. Kikuria changu kiliishia kwenye salamu, kwa hiyo tukivuka mpaka mdomo wangu ulikuwa Chacha.

Sasa niwaeleze siku moja, kwa sababu ndiyo mnayoniuliza kila mara, na wengi mmeisikia vibaya.

Ilikuwa Jumapili. Kikundi cha wanawake kumi na wanane wa kanisa moja la Migori walikuwa wameikodi kosta yetu. Mmoja wa abiria hao kumi na wanane hakuwa mwanakikundi. Alikuwa mama mkwe wa mwenyekiti wao, bibi wa miaka themanini hivi kutoka Ntimaru, jina lake Bhoke. Alikaa kiti cha mbele nyuma ya Chacha, mkoba wake mapajani.

Mpakani afisa wa Tanzania alimwamkia, "Shikamoo, Bibi," naye akaitika na kuuliza, "Hapa ni Sirari tayari?" Jengo lenye bendera lilikuwa mbele yake. Nilidhani ni uzee.

Shirati wenzake walipiga picha hadi simu zikalia njaa. Nyanya Bhoke alikuwa ameegemea ukuta wa nyumba ya zamani, akiupapasa kwa kiganja taratibu, jiwe baada ya jiwe. Halafu nikamsikia akimuuliza Chacha jambo kwa Kikuria. Nikauliza amesema nini.

"Anauliza ziwa leo lina rangi gani," Chacha akasema. Akanitazama. Ziwa lilikuwa wazi mbele yetu sote.

Tulifika maporomokoni saa tisa. Sitayataja kwa jina, maana kila ukoo pale una jina lake, na ukitaja moja umewakosea wengine. Si makubwa. Mto mdogo unatoka mlimani, unaruka mwamba, unaangukia kwenye kidimbwi chini ya miti. Juu kuna mahali pa kusimama na kutazama. Kufika chini kuna njia ya udongo mwekundu, yenye mteremko mkali kama paa la nyumba, na usiku uliotangulia mvua ilikuwa imenyesha.

Niliwatenga wa kushuka na wa kubaki. Nyanya Bhoke nikamshika mkono, nikamwambia kwa upole, "Nyanya, wewe utatazama hapa juu na Chacha. Hapa ndipo pazuri zaidi."

"Pazuri kwa nani?" akaniuliza. "Hapa mimi naona moshi tu."

"Si moshi, Nyanya. Ndiyo maji yenyewe."

"Mwanangu, najua ni maji. Nayasikia." Akanigeuzia uso, akainamisha kichwa upande kama kuku anayetafuta punje, nikaelewa kwamba ananitafuta kwa pembe ya jicho. "Daktari alisema la kushoto limekwisha. La kulia linakimbia. Alisema ukifika wakati wa kuvuna, halitakuwepo. Mimi nilizaliwa pale ng'ambo. Hapo chini ndipo tulipokuwa tukichota maji, mimi na wasichana wa rika langu. Asubuhi ya kuolewa Ntimaru mama yangu aliniogesha hapo. Nimekuja huku kwa mazishi, mara nyingi, lakini mazishini nani anakwambia twende mtoni? Nilipe safari yote hii nije nione moshi?"

Mwenyekiti alikuwa amesimama karibu. Hakujua. Mkwe wake mwenyewe, wanakula sahani moja, na hakujua. Alijiziba mdomo kwa leso.

Niliangalia saa. Kumshusha mzee yule, kumpandisha, halafu kufika mpakani kabla ya saa kumi na mbili: haikuwezekana ila kwa kuacha soko la Tarime, na hata hivyo tungekimbizana na dakika. Nikawaita wote nikawaambia ukweli.

Mama mmoja, mfanyabiashara wa nguo, akasema, "Mimi nilikuja kwa sababu ya soko. Vitenge vya Tarime ndivyo vimenitoa kitandani. Pole sana kwa Nyanya, lakini kila mtu hapa ana shida yake."

Hakukosea. Mwenyekiti hakuweza kusema, kwa kuwa ni mkwe wake. Mwishowe mama mmoja mnene aliyekuwa amelalamikia magoti tangu asubuhi akajifungua leso kiunoni, akanipa. "Shika. Vitenge vitaota miguu vije Migori. Huyu harudi tena." Wa pili akatoa yake, na wa tatu. Mama wa nguo akanuna, akatoa yake pia, na akaendelea kununa hadi tunafika nyumbani.

Tulifunga leso mti kwa mti, zikawa kamba ya kushikilia. Chacha akavua viatu, akachuchumaa, akasema kwa Kikuria maneno ambayo sijawahi kumuuliza maana yake, na Nyanya akacheka akapanda mgongoni. Tukamfunga kwa leso mbili kama mtoto anavyobebwa. Mimi nikatangulia kinyumenyume, nikimwonyesha Chacha pa kuweka kila unyayo.

Chini tulimsimamisha ukingoni. Akasogea, akainamisha kichwa huku na huku mpaka jicho lake likayapata maji, kisha akatulia kabisa. Manyunyu yalimlowesha uso. Akauliza, "Upande wa kushoto kuna jiwe jeusi kama mgongo wa ng'ombe?"

Lilikuwepo. Akataka kukalishwa juu yake. Akavua viatu, akatia miguu majini, halafu akaanza kuita majina. Gati. Robi. Nyangi. Wasichana wa rika lake, mmoja mmoja, kwa sauti ya kuita mtu aliye ng'ambo ya mto. Baada ya kila jina alinyamaza kidogo.

Wakati wa kupanda, katikati ya njia, Chacha aliteleza. Miguu ilimtoka, akaanguka kwa magoti, wakaanza kuporomoka wote wawili. Nilidaka leso iliyomfunga Nyanya kwa mkono mmoja na mzizi kwa mkono wa pili. Mkono wa kushoto ukalia kama kijiti kikavu kinachovunjika. Mama wa nguo, yule yule, alijitupa kwenye tope nyuma yao akawazuia kwa mwili wake. Tulibaki hivyo. Kisha Nyanya Bhoke akasema juu ya mgongo wa Chacha, "Kijana, pumzika. Mimi sina haraka tena."

Tulifika Sirari saa kumi na mbili na dakika arobaini. Chacha alininong'oneza, "Tuseme tulipata pancha." Lakini tulikuwa watu ishirini tuliopakwa tope jekundu, mkono wangu umevimba, na sikuwa na nguvu ya kutunga. Nikamweleza afisa jinsi ilivyokuwa, neno kwa neno. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Nimekuelewa, Mama," akasema. "Lakini kibali kimeisha. Watu wavuke, gari linalala hapa."

Hakufoka, na hakulegeza. Alimletea Nyanya kiti na maji ya kunywa tulipokuwa tukigongewa mihuri, kisha akamwambia Chacha alilaze gari uani. Tulivuka kwa miguu, mifuko kichwani, Nyanya katikati yetu ameshikwa huku na huku.

Kesho yake nilisimama mbele ya Meneja, mkono kwenye plasta. Alikuwa amekwisha kusikia.

"Dereva angeanguka na yule mzee," akauliza, "ungeniambia nini? Ningewaambia nini watoto wake?"

"Sijui, Bwana Meneja."

"Uliijua sheria?"

"Niliijua."

"Basi tatizo si kwamba hukujua." Akautazama mkono wangu. "Ulipaswa kuuliza kabla hamjaondoka hapa. Mzee wa miaka themanini anapanda gari lako, humuulizi anafuata nini? Ungeuliza asubuhi, ungeenda na kiti cha kubebea, ungeenda na vijana wanne, ungeanzia maporomokoni. Asingekuwa na haja ya kubebwa kwa leso."

Akaniondoa kwenye safari za mpaka. Nilirudishwa Rusinga kwa nusu mwaka, kuanzia mkiani. Nililia ndani ya gari njia nzima hadi Mbita, na sehemu kubwa ya kilio ilikuwa kwamba alikuwa sahihi.

Nilipoitwa tena Migori nilikuta Meneja ametengenezesha kiti cha mbao chenye mipini minne. Hakunieleza. Alikionyesha kwa kidole tu, akaendelea kuandika. Wenyeji wa kule maporomokoni walichonga ngazi kwenye udongo na kuzizuia kwa magogo, na wazee wengi wameshuka tangu hapo wakiwa wamekaa kama maharusi. Mimi nikaanza kumuuliza kila mzee, kabla sijaandika jina lake kwenye manifesti, anakwenda kuona nini. Mmepokea swali hilo kama utaratibu wa ofisi. Mjue lilitoka kwenye aibu.

Mwaka uliofuata nilikwenda Ntimaru kumjulia hali Nyanya Bhoke. Jicho la kulia lilikuwa limekwisha kama daktari alivyosema. Alinitambua kwa sauti, akanikalisha karibu, akasimulia maporomoko kwa majirani waliokuwepo: jinsi maji yalivyopasuka juu ya mwamba, jinsi upande mmoja ulivyokuwa na kijani cha mwani, ndege wadogo walivyopita nyuma ya pazia la maji. Nilishangaa.

"Ndege, Nyanya?"

"Hukuwaona? Walikuwa wengi. Wewe uliona nini?"

Nilikaa nikatafuta. Niliyakumbuka matope, vidole vya miguu ya Chacha, fundo la leso. Maji yenyewe sikuyakumbuka hata kidogo. Nilikuwa nimewapeleka watu pale mara nyingi nisizoweza kuhesabu, kila mara nimeyapa maji mgongo, macho kwenye miguu ya wageni.

Nimestaafu sasa. Nafuga kuku Magunga, na mkono wa kushoto hunitabiria mvua. Mwezi wa kwanza wa kustaafu nilikata tiketi ya kwenda maporomokoni kama abiria wa kawaida. Mwongozaji alikuwa mmoja wenu, msichana niliyemfundisha mwenyewe. Alipotaka nitangulie kuwasaidia wazee kushuka, nilimwambia, "Hapana, mwanangu. Hiyo ni kazi yako." Nikashuka ngazi taratibu, nikaketi juu ya jiwe jeusi, nikainua uso.

Wale ndege wapo.