Mvumo Kutoka Kirando

Abdulnasir, muuza vipuri vya pikipiki mjini Sumbawanga, hupenda albamu zisizo na ngoma wala mwimbaji: mvumo tu, unaopanda na kushuka taratibu. Wateja humcheka. Anayemwelewa ni Eustaki, mvuvi wa Kirando, na kila wanachokigundua hutumiana kwa simu.

Juzi Eustaki alituma sauti isiyo na jina: mvumo mzito, na chini yake kitu kama wimbi likija, likirudi, hadi likanyamaza.

Abdulnasir akamwandikia, "Mshikaji, hii ni kali kuliko zote! Kaitunga nani?"

Eustaki akajibu,

"Ni mashine ya oksijeni, ndugu yangu. Hilo wimbi ni pumzi za mama. Nimeshindwa kuisikiliza peke yangu."

Abdulnasir akashusha mlango wa duka, akaisikiliza tena mpaka mwisho, amesimama.