Shikamoo ya Bibi Somoe

Msiniite mwongo kabla sijamaliza. Haya yalinipata mimi mwenyewe, mchana kweupe, nikiwa kidato cha pili.

Mwalimu wetu wa historia alitupa kazi: kila mmoja aandike habari za mtu wa zamani aliyefanya jambo la kuheshimika. Wenzangu wakakimbilia majina ya kitabuni. Mimi nikamtaja Bibi Somoe, mama mzazi wa bibi yangu, aliyechonga ngazi kwenye mteremko wa Mnyambe enzi zile wanawake wa huku juu wakishuka bondeni kuteka maji. Mwalimu akakuna kichwa. "Hayumo kitabuni. Nionyeshe hata ngazi moja, la sivyo chagua mwingine."

Jumamosi nikaenda. Ngazi ziko wapi? Vichaka vitupu! Tangu bomba lifike, hapiti mtu pale. Nilihangaika mpaka machozi yakanilenga, maana bibi alishajisifu mtaa mzima kwamba mama yake anakwenda kusomwa shuleni. Ningerudi nikamwambie nini?

Ndipo nikamwona mama mmoja mtu mzima akipanda kutoka bondeni, mtungi wa udongo kichwani, kitawi cha majani kikielea ndani ili maji yasimwagike. Nani anabeba mtungi siku hizi? Kabla sijafungua kinywa, akapiga goti mbele yangu, na mtungi wake vilevile kichwani.

"Shikamoo, mama."

Mimi! Na sare yangu ya shule! Nikaona aibu, nikamwamkia yeye. Hakuitikia. Akabaki amepiga goti, ananitazama kwa utundu, hana haraka yoyote. Mwishowe nikanong'ona, "Marahaba."

Akainuka akicheka, pengo mbele, kile kicheko ambacho na wewe unajikuta unacheka hata hujui sababu. Nikapata ujasiri. Nikamuuliza kama aliwahi kumsikia shujaa Bibi Somoe.

"Shujaa?" Nusura mtungi uanguke. "Aliporomoka na n'tungi wake mbele ya wakwe, kanga huku, yeye kule! Kesho yake akachukua jembe. Aibu, mama, aibu tu! Wenziwe wakamcheka weee, kisha wakaja kumsaidia."

Akaanza kupanda, anakanyaga kwa kishindo: hapa, na hapa, na hapa. Nikamfuata nafukua kwa mikono, na kila alipokanyaga nikakuta ngazi chini ya majani. Furaha niliyokuwa nayo! Nikainua kichwa nimshukuru. Hakuna mtu. Kwenye ngazi ya juu kulikuwa na kitawi kibichi, kinachuruzika maji.

Nilikimbia? Nilikimbia, ndiyo. Lakini niamini, nilikimbia huku nacheka.

Nyumbani nikamsimulia bibi, aliyekuwa anabangua korosho.

"Alikuita mama?" akauliza.

"Ndiyo."

"Ana pengo?"

"Ndiyo, bibi."

Akaweka korosho chini. Akaniambia nisilolijua: jina nililopewa ni la mama yake Bibi Somoe, na kwetu aliyerithi jina ndiye mwenye jina. Siku moja Somoe aliwahi maji alfajiri, akaondoka bila kumwamkia mama yake. Aliporudi alikuta watu wanalia, mama yake keshakata roho. Jambo hilo lilimuuma mpaka anaingia kaburini.

"Sasa niambie," bibi akasema. "Ulimwitikia?"

"Nilimwitikia."

Akanikumbatia, analia na kucheka kwa pamoja, mpaka majirani wakaja kuuliza kuna harusi ya nani.

Wiki iliyofuata darasa zima lilikwenda na majembe na mapanga kuzisafisha ngazi. Mwalimu akateleza mbele yetu sote, akainuka kajaa udongo, akatangaza kuwa sasa amemwelewa Bibi Somoe. Mpaka leo watu wanapita pale, na mimi nikipita nasema "marahaba" hata kama sioni mtu.

Kwa hiyo na wewe, ukishuka Mnyambe, mtu mzima akikupigia goti na kukuamkia, usijifanye mnyenyekevu. Itikia. Hujui ameibeba salamu hiyo tangu lini.