Mtoto Niliyemwomba kwa Arobaini Tu

Msinionee huruma. Nimekosa, na nikijitazama kwenye kioo najichefua.

Nilipojifungua mtoto wa pili, wifi yangu wa Jinja alinipa binti yake Zaituni, miaka kumi, anisaidie mpaka arobaini iishe. Kwetu Old Kampala ni kawaida: mzazi hapiki, hafui, ndugu wanakuja. Lakini ndugu hao huwa watu wazima! Mimi nikachukua mtoto wa darasa la nne, eti yuko likizo.

Arobaini ikaisha. Nilikuwa nimeshazoea kulala. Nikampigia wifi: "Niachie Zaituni kidogo, nitamwandikisha shule hapa hapa."

Uongo! Miaka miwili Zaituni aliamka kabla yangu, akachemsha chai, akafua nepi, akambeba mwanangu mgongoni mpaka shuka likamchubua bega. Wageni wakiuliza, nasema, "Huyu mwanetu." Mwanetu gani asiye na yunifomu?

Na mdomo wangu sasa! Niliona video ya watoto wanaponda kokoto, nikawatumia akina mama wenzangu: "Hao wazazi ni wanyama, wafungwe!" Aliyenichomolea simu kwenye chaji niandike hayo ni Zaituni. Ptuu!

Aliyenizindua ni mwanangu mkubwa, Rashidi, ana miaka mitano. Alimwaga uji sakafuni makusudi.

"Rashidi, chukua kitambaa ufute."

"Zaituni atafuta."

"Umwage wewe, afute yeye?"

"Si ndiyo kazi yake?" Akageukia jikoni: "We Zaituni! Umekufa huko?"

Banange, jamani! Ilikuwa sauti yangu ile, neno kwa neno. Nilitapika kwenye sinki, sitanii. Zaituni akaja mbio na ndoo. Ananisafishia mimi!

Kesho yake nikamrudisha Jinja. Wifi kwa furaha akachinja kuku. Mkeka ukatandikwa, sinia likawekwa, tukakaa. Zaituni akabaki amesimama ukutani, mikono nyuma.

"Njoo ule, mama," wifi akamwita.

"Nangoja mmalize."

Kwa mama yake mwenyewe!

Wifi akanitazama weee. "Nilikupa mtoto," akasema. "Huyu ni nani?"

Mpaka leo hasemi nami. Zaituni ameanza tena darasa la nne, anakaa dawati moja na vitoto vya miaka tisa. Ada nalipa mimi, na hainisafishi hata kidogo.

Wewe unayesoma haya huku mtoto wa ndugu yako anakusugulia sufuria, usiniite mnyama halafu ukafunua ukurasa. Mwite atoke jikoni. Mwambie akae. Mwulize yuko darasa la ngapi. Akikaa kimya, funga nguo zake leo hii umrudishe shule, na usithubutu kumwambia aoshe vyombo kwanza.