Herufi Kubwa za Somo la Jiografia

Mwaka ule nilifundisha darasa la sita huko Kashuga, katika Masisi. Watoto walikuwa wengi, na kitabu cha jiografia kilikuwa kimoja tu, changu. Niliandika ubaoni, wao wakanakili.

Msichana mmoja hakunakili kitu. Familia yake ilikuwa imekimbia vita kijijini kwao Bihambwe, ikaishi katika kambi ya wakimbizi. Nilipomuuliza sababu, alijibu akitazama chini: "Mwalimu, tablo naiona. Maandishi yake njo siione."

Nilimsogeza mbele, karibu na ubao, haikusaidia. Hata kitabu alikisoma pua ikigusa karatasi.

Nilikuwa na tableti ndogo ya zamani. Nikapiga picha za kurasa, nikamkabidhi. Alipozikuza, herufi zikawa ukungu mtupu. Alinirudishia tableti. Nikaamua kukiandika kitabu chote upya humo kwa vidole vyangu, ili herufi zikuzwe bila kufifia.

Kazi hiyo ilinichukua majuma mengi. Kila baada ya masomo nilikaa kanisani, penye umeme wa sola, nikichapa. Direkta wa shule alinikuta huko.

"Mwalimu, unapoteza wakati wote huu juu ya mutoto moja?"

"Ndiyo, Papa Direkta. Juu ya moja."

Nikaendelea kuchapa.

Sura ya kwanza ilipokamilika, msichana alikuza herufi mpaka maneno matatu yakajaza kioo. Akasoma kwa sauti, polepole, darasa zima likimsikiliza. Nikamwonyesha pia namna ya kupaka sentensi rangi ya njano na kuandika swali pembeni.

Kesho yake nilifungua somo lile. Palikuwa na sentensi isemayo kwamba watu wa Masisi hufuga ng'ombe na kuuza maziwa. Alikuwa ameipaka njano. Pembeni aliandika: "Na sisi wenye ngombe yetu ilibakia Bihambwe, tuko watu wa wapi?"

Nilimwomba ruhusa, nikalisoma swali mbele ya wote. Mikono ikainuka kila upande, kila mmoja akitaka kuandika lake. Tableti ikazunguka benchi hadi benchi mpaka betri ikaisha.

Juma lile direkta alipita, akamkuta msichana akisoma. Alisimama mlangoni hadi mwisho wa ukurasa, akaondoka. Aliporudi alikuwa na kitabu cha historia kwapani.

"Na hii pia," akasema. "Nusu yake mi njo nitaandika."