Bei ya Kupaa

Watu walimwita Mkasi, na wanaodhani ni kwa sababu ya ufundi wake wa cherehani hawajawahi kubishana naye. Jina hilo alilipata darasa la nne, kabla hajagusa kitambaa, siku alipomwambia kiranja aliyekuwa akimsukuma kwenye foleni kwamba Mungu alipogawa akili, yeye kiranja alikuwa bado anasukuma wenzake huko nyuma.

Alimaliza la saba, akaingia kwa fundi kujifunza kushona, akaolewa na dereva wa malori, akalea watoto wawili ambao sasa wanajitegemea na kumpigia simu pale tu zipu inapokwama. Wiki nzima alikuwa ameinamia cherehani kwenye kibaraza cha duka la vitambaa, akishona sare za shule. Kola, pindo, vifungo, kola tena. Mgongo ukimuuma, anaunyoosha, anamtukana chinichini aliyebuni kola, anaendelea.

Jumapili alikuwa mwizi.

Mwizi wa mezani, msimwelewe vibaya. Mume wake ndiye aliyeuleta mchezo huo kutoka safarini. Malori yalikwama mpakani yakisubiri karatasi, na dereva mwenzake akamfundisha kivulini mwa trela. Hauna ubao wala karata. Mtu mmoja ni msimulizi: anaeleza nchi ilivyo, hatari iko wapi, nani kasimama mlangoni na rungu. Wengine kila mmoja ana mhusika wake, na husema mhusika huyo anafanya nini. Penye shaka, dadu huamua.

Ila kabla ya yote hayo, mhusika lazima aumbwe, na hapo ndipo Mkasi alipoupendea mchezo. Kila mchezaji hupewa alama mia moja, mkubwa na mdogo sawasawa. Kwa alama hizo ananunua nguvu, wepesi, macho makali, ulimi wa kubembeleza walinzi. Kila uwezo una bei yake. Ukitaka punguzo, unakubali kikwazo: una nguvu za fahali lakini mguu mmoja mbovu, unaona mbali lakini cha karibu hukioni. Kikwazo kikubwa hukata bei ya uwezo wako nusu. Mkasi alipoelezwa hivyo mara ya kwanza, alisema ni mahali pa kwanza duniani alipoona watu wakigawiwa sawa halafu kila mtu akaachiwa ajiharibie mwenyewe.

Mume alikuwa msimulizi hodari, mwenye sauti ya kutisha hata akiomba chumvi. Lakini hesabu zilimpiga chenga. Alimwachia mtu apite ukutani kwa bei ya macho makali. Mkasi alizichukua hesabu hizo bila kuombwa, na hakuna aliyethubutu kuzidai. Akaja na utaratibu wake, ule ule wa kupima nguo. Mteja anaweza kusema kiuno chake ni chembamba apendavyo. Mvalishe, umtazame akikaa. Basi kila aliyeleta kikwazo mezani, Mkasi alimwambia, "Nionyeshe kinapobana." Mtu alipaswa kueleza ni lini hasa, katika kisa chao hicho, kikwazo kitamtesa. Akishindwa, hapati punguzo.

Walichezea saluni kwa wifi yake, dada wa mume. Jumapili saluni hufungwa, na wao waliingia kwa mlango wa nyuma, wakavuta pazia, wakakaa kuzunguka meza ya kupakia rangi za kucha, vikaushio vya nywele vimewainamia vichwani kama wasikilizaji. Walikuwa wanne: dereva akisimulia, Mkasi, wifi, na rafiki wa dereva, fundi bomba mnene mwenye kucheka kabla ya mzaha wake mwenyewe. Pengine pa kwenda hawakuwa napo. Kwa fundi bomba palikuwa na chumba kimoja, na kwa Mkasi alikuwapo mama mkwe, ambaye aliwasha redio kwa sauti ya kuita watu wa mtaa wa pili. Saluni ikifungwa, mchezo umekwisha, na Mkasi angebaki na kola.

Jumapili hiyo wifi alikuwa anaumba mhusika mpya, kwa kuwa wa zamani alimezwa na chatu kwa kubishana naye. Wifi alikuwa mwanamke wa kuongea. Wateja walitoka saluni kwake na nywele nzuri na habari za mtaa mzima. Alikuja na karatasi yake imejaa, akaisukuma mbele ya Mkasi kwa kidole chenye rangi nyekundu.

"Pitisha hiyo, wifi. Mwaka huu napaa."

Mkasi akasoma. Nguvu kiasi, ustahimilivu mwingi, ulimi mtamu wa kutosha. Jumla themanini. Mwisho kabisa: kupaa angani, bei arobaini, kikwazo "usiku tu", kwa hiyo ishirini. Mia kamili.

"Usiku tu," Mkasi akasema.

"Mchana hapai. Anakaa chini kama sisi wengine."

"Na mchana wenyewe uko wapi?"

Fundi bomba akaanza kucheka. Dereva akatazama chai yake. Maana yeye ndiye aliyeisimulia nchi hiyo tangu mwanzo: nchi ambayo jua lilizimika zamani, watu wanalima kwa taa, na wao wachezaji walikuwa safarini kwenda kuiba kaa la mwisho la moto wa jua kutoka kwenye mnara wa mfalme. Kisa chote hakikuwa na asubuhi hata moja.

"Nionyeshe kinapobana," Mkasi akasema.

"Jua likirudi kitabana."

"Jua likirudi kisa kimekwisha, tunaenda nyumbani. Kikwazo chako kitambana nani, mfagizi wa saluni?"

Wifi akachukua kalamu, akafuta, akaandika kingine. "Haya. Hapai akiwa chini ya maji."

"Nani anapaa chini ya maji? Hata bata ana akili."

"Hapai siku ya harusi yake."

"Shemeji," fundi bomba akadakia, akijifuta machozi, "hiyo mpe. Bibi harusi akipaa mahari inarudishwa."

"Nawe nyamaza. Wewe ndiye uliyetuletea haya."

Na ilikuwa kweli. Kisa cha nyuma, fundi bomba alipewa uwezo wa kutoonekana kwa bei ya bure, kabla Mkasi hajashika hesabu. Aliiba kila kitu, akamaliza kila adui, na wenzake wakabaki wanamenya karanga na kutazamana kwenye vioo. Hakuna aliyekasirika, watu walianza tu kuwa na udhuru. Meza ilikaribia kufa kwa usingizi. Mkasi hakusahau.

Wifi akaweka kalamu chini taratibu.

"Basi nikuulize, wifi. Hii meza ya nani?"

"Yako."

"Na viti?"

"Vyako."

"Na ufunguo wa ule mlango?" Akaugonga mfuko wa gauni lake, vyuma vikalia. "Kama mhusika wangu hapai, nitakuwa nafungua kwa ajili ya nini? Jumapili naweza kulala kama binadamu wengine."

Dereva akakohoa. Alikuwa amekalishwa kati ya mke na dada, kiti ambacho hakina mto. "Mke wangu," akasema kwa ile sauti yake ya chini, "alama ishirini si kitu. Mpe tu, tuanze."

"Mpe, shemeji," fundi bomba naye akasema, safari hii bila kucheka. "Tutakwenda wapi?"

Mkasi akawatazama mmoja mmoja. Aliwaona na kwenye vioo pia, nyuso nyingi zikimwomba asitie ugumu. Alijua hawatanii. Alijua pia Jumapili za mtu anayepaa bure zinavyokuwa: huyo juu, wengine chini wanamenya karanga, hadi mmoja aanze udhuru. Kwa njia yoyote chumba kilikuwa kinaondoka. Tofauti ni kwamba hii ya punguzo la uongo ingekiondoa polepole na kwa adabu.

"Simpi," akasema. "Wifi, bei ya kupaa ni arobaini. Wewe una ishirini. Sitakuuzia kwa ishirini kwa sababu ya ufunguo. Kesho atakuja mwenye sufuria ya chai naye atake mabawa. Lakini nusu bei unaipata leo hii, ukikubali kikwazo kinachobana."

"Kipi?"

"Akipaa, hana sauti. Na wewe hivyo hivyo. Tangu miguu yake inapoacha ardhi mpaka atue, hutamki neno. Ukitamka, anaanguka."

Fundi bomba akapiga meza kwa kiganja. "Hicho si kikwazo, shemeji, hicho ni kifungo cha maisha!"

"Kinabana," dereva akasema kwenye kikombe chake.

Wifi aliwatazama wote watatu, pua imepanda. "Mnadhani siwezi kunyamaza?"

Dereva akarudi kwenye chai yake, fundi bomba akaanza kuhesabu vikaushio. Hilo likawa jibu.

"Andika," akamwambia Mkasi. "Andika sasa hivi, na mtanikoma."

Wakaanza. Na kusema haki, alinyamaza. Walipofika kwenye korongo lililo mbele ya mnara wa mfalme, mhusika wake akapaa, na wifi akafunga midomo kama aliyeshika pini za kubania nywele. Aliwaonyesha walinzi kwa vidole: wawili mlangoni, mmoja kalala. Fundi bomba alimchokoza kwa kila njia aijuayo. Alisema amesikia saluni ya mtaa wa chini inasuka vizuri zaidi. Mishipa ya shingo ilimsimama wifi, lakini neno halikutoka. Mkasi alimtazama kwa heshima mpya, ingawa hakumwambia.

Mwizi wa Mkasi akapenya mnarani, akalichukua kaa la jua, akalifunga kwenye kitambaa chenye maji, akatoka mbio. Mbele yake daraja la kamba, nyuma yake walinzi wamemgundua. Huyo mwizi Mkasi alikuwa naye tangu mchezo ulipoingia nyumbani. Alimwumba mwenyewe, alama kwa alama, mwepesi, mkavu, asiyeinamia kitu.

Hapo dereva akainuka, akamnong'oneza dada yake sikioni, kwa kuwa yeye tu, aliyekuwa juu, ndiye angeweza kuliona hilo. Macho ya wifi yakatoka. Akaanza kuzungusha mikono hewani, akisokota kitu, akikivuta, akikiachia.

"Nini? Unasuka?" Mkasi akauliza. "Hivi sasa?"

Wifi akatikisa kichwa, akasokota tena kwa nguvu zaidi.

"Anasema ukitoka huko uje usukwe," fundi bomba akafasiri. "Kweli shemeji, umezembea."

"Walinzi wako hatua chache nyuma yako," dereva akasema. "Unafanya nini?"

"Nakimbia darajani," Mkasi akasema, akachukua dadu.

Fundi bomba alikuwa akimtazama wifi, na baadaye aliapa kwamba aliona mambo mawili yakipigana usoni pake. Angeweza kukaa kimya. Mhusika wake angebaki juu salama, na aliyemnyima ishirini angeshuka korongoni na mwizi wake mpendwa, na hakuna ambaye angemlaumu. Si aliambiwa anyamaze?

Mkasi akainua mkono kurusha.

"Rudi nyuma, mjinga wewe! Kamba imekatwa upande wa pili!"

Sauti iligonga vioo vyote. Halafu wifi akaziba mdomo kwa viganja viwili, amechelewa.

Mkasi akashusha dadu bila kuzirusha. Mwizi wake alikuwa amesimama ukingoni, mzima, na kaa la jua kwapani. Wote wakamgeukia yeye, si msimulizi. Fundi bomba alimkonyeza, akimwomba kwa jicho alipitishe hilo, ajifanye hakusikia. Ufunguo ulikuwa bado kwenye mfuko ule.

"Ameanguka," Mkasi akasema. "Umeniokoa, wifi, na asante. Lakini ameanguka."

Dereva akafumba macho. Fundi bomba akaanza kutafuta viatu vyake chini ya meza kwa vidole vya mguu.

"Wewe unakwenda wapi?" wifi akamfokea. "Kaa chini! Nani kakwambia nafunga? Nimeanguka, sijafa. Ule ustahimilivu niliununulia nini?" Akamgeukia kaka yake, akikunja mikono ya gauni. "Haya, huko chini kuna maji au mawe? Na usinionee huruma, nitajua."

"Dadu ndizo zitasema."

"Zilete." Akazitikisa viganjani, macho yako kwa Mkasi. "Na wewe, wifi, utasimama hapo ukingoni kama sanamu? Una kamba au huna?"

"Ninayo."

"Inafika?"

"Rusha kwanza," Mkasi akasema, akivuta kiti karibu na kuchukua kalamu. "Nijue umeanguka mbali kiasi gani."