Zaburi Iliyoishia Gizani

Kwetu Uiseong, wilaya ya wakulima wa vitunguu saumu, mwanamke akishazaa hakuna anayemwita tena jina alilopewa na wazazi wake. Jirani yangu alizaliwa Bun-rye, lakini nadhani ungemwita hivyo hata mwenyewe asingegeuka. Alikuwa Mama Jae-gon tangu ana miaka ishirini na mmoja, na mumewe Baba Jae-gon, na mtoto mwingine hawakujaliwa. Mimi ni Mama Mi-ryeong. Kati ya nyumba zetu kuna ukuta mmoja wa mawe, na kwa miaka thelathini tumeazimana juu ya ukuta huo kila kitu isipokuwa waume.

Shule hakwenda. Kusoma alijifunza kanisani, mtoto mgongoni, akikaa mkeka mmoja na watoto wa shule ya Jumapili. Watoto wakimcheka aliwaambia, "Chekeni tu. Mwalimu akitoka nawanyang'anya penseli." Alipozijua herufi alisoma kila kitu, mpaka magazeti ya kufungia samaki, na Mchungaji Noh akirefusha mahubiri, yeye alikuwa ameshafika mbele kwenye sura ya kesho.

Jae-gon alipotoka jeshini, wenzake wote walikuwa wamekimbilia viwandani. Yeye akarudi kulima vitunguu saumu na baba yake. Mama yake alijifanya amekasirika. "Nimezaa ng'ombe mimi, sikuzaa mtoto," alikuwa akisema, huku anamwongezea wali kwenye bakuli.

Vitunguu saumu vikishang'olewa havitaki maji. Juni ya mwaka tisini na moja, mawingu yalijikusanya siku ya mavuno kama yametumwa. Jae-gon alikuwa akisomba kwa pawatila, trekta dogo lenye tela, kutoka shambani hadi nyumbani, akienda na kurudi. Katika safari ya mwisho, pale njia inapokata kona juu ya mfereji wa mpunga, pawatila ilipinduka ikamlalia. Alikuwa na miaka ishirini na sita. Mvua yenyewe haikunyesha siku ile.

Mazishini tulisema yale yanayosemwa. Mmoja alisema ni mapenzi ya Mungu. Mwingine alisema bora ameenda akiwa ameokoka. Mimi, nikiwa shemasi kama yeye na nikijiona nina hekima, nilimshika mkono nikamwambia, "Mungu alikuwa anamhitaji, dada."

Alinitazama kwa macho makavu. "Anamhitaji wa nini? Ana vitunguu saumu vya kuvuna huko?"

Nilistahili jibu lile. Ila angalia nilivyomwita. Dada. Ndivyo tulivyoanza, kijiji kizima, bila hata kukubaliana. Tulidhani kulitaja jina la marehemu kila tukimsalimia mama yake ni kumtonesha kidonda. Kwa hiyo wengine wakamwita Shemasi, wengine Dada, wengine wakakohoa tu. Mumewe ndiye aliyezidi. Mwanamume yule alikuwa mcheshi wa sokoni, lakini tangu mazishi maneno yalimwisha. Kwa mkewe alikuwa akisema "wewe," au "chakula," au hasemi. Kanisani alihamia benchi la nyuma karibu na mlango, na amina haikusikika tena kinywani mwake.

Sasa nikikumbuka naona aibu. Tulimnyang'anya mama jina la mwanawe tukadhani tunamhurumia.

Naye hakuweza tena kuomba kwa sauti. Zamu yake ikifika kwenye maombi ya alfajiri, alikuwa anainamisha kichwa tu mpaka anayefuata aanze. Mchungaji Noh, ambaye ni mtu mwema ila huwa na haraka ya kufika kwenye aleluya, alimpa madaftari kumi akamwambia anakili Biblia kwa mkono wake, kama wanavyofanya wazee wengi kwetu. Alikubali. Nadhani alitaka kitu cha kushika. Mwaka mzima, ukipita nyumbani kwao mchana, ungemkuta amepiga magoti mbele ya meza ndogo, miwani puani, anaandika pole pole kwa zile herufi zake kubwa za mtoto wa Jumapili.

Ibada ya kumbukumbu ya mwaka ilipokaribia, Mchungaji akaja kumpa utaratibu. Sisi Wakristo hatuwaandalii wafu meza ya chakula wala hatuwasujudii, kama wafanyavyo wengine kwetu. Tunaimba, tunasoma, tunatoa shukrani, halafu tunakula. Mchungaji alimwomba mama mfiwa achague somo, alisome mwenyewe, kisha asimame ashukuru mbele ya watu. "Itakuponya, na itawajenga wengine," alimwambia.

Mchungaji alipoondoka, mwenzangu alinifuata ukutani.

"Sishukuru," akasema.

"Ni maneno mawili matatu tu, dada. Utasema, yataisha."

"Wewe nawe! Nikisimama mbele ya Mungu niseme asante kwa mwanangu kulaliwa na chuma, nitakuwa nimedanganya kanisani. Na nisiposhukuru mtasema nimerudi nyuma. Basi nimeamua. Siku hiyo wakinilazimisha, ndiyo mwisho wangu. Sitakanyaga tena pale."

Nilimjua. Hakuwa mtu wa kutishia nyau. Nilirudi ndani nikashindwa kula, maana kama mtu yule angeondoka, sisi tuliobaki tungekuwa tunaimba nini?

Siku tatu kabla ya kumbukumbu nilikwenda kumsaidia kufunga vitunguu saumu mafungu ya mia mia kwa kamba za mabua ya mpunga. Tulikuwa chini ya upenu, mikono inanuka. Mara akajifuta viganja kwenye suruali, akaingia ndani, akatoka na daftari.

"Mwenzangu, hebu nisaidie. Nimeharibu kazi. Nimeruka mahali."

"Wapi?"

"Zaburi ya themanini na nane. Mwisho wake siuoni. Nimegeuza kurasa, nimezipuliza nikidhani zimegandana. Hizi zaburi nazijua sasa, nimenakili themanini na saba. Mtu analia, analia, halafu mwishoni anasema lakini nitakusifu. Hata zile mbaya kabisa. Hii haina. Lete Biblia yako tulinganishe."

Nilikwenda kuileta. Nilifungua kwa vidole vya vitunguu, nikasoma huku nafuata kwa kidole. Mtu yule anamwita Mungu wake, anamlilia mchana na usiku. Anasema taabu zimemjaa, amehesabiwa na wanaoshuka shimoni. Rafiki zake wamemkimbia. Anauliza kama wafu watainuka wasifu. Nikafika mwisho. Neno la mwisho ni giza. Chini yake panaanza zaburi nyingine.

"Hukuruka," nikamwambia. "Na kwangu imeishia hapo hapo."

"Hakuna kingine?"

"Hakuna."

Alilichukua daftari akaliweka magotini. Kisha mabega yakaanza kumtikisika, nikadhani analia, kumbe anacheka, halafu kumbe analia kweli, vyote pamoja. Ilikuwa mara ya kwanza kuona chozi lake tangu mazishi.

"Kwa hiyo huyu naye hakushukuru," akasema. "Alimaliza vivyo hivyo. Na hawakumfuta. Miaka yote hii wamemwacha humo humo ndani, katikati ya wanaoimba."

Alipenga kamasi, akanigeukia.

"Na mlalamikaji mwenyewe amemlalamikia nani? Si yule yule? Ameona giza, lakini bado anaongea naye." Akavuta fungu la vitunguu. "Funga vizuri hilo, linalegea."

Siku ya kumbukumbu nyumba ilijaa. Tulikaa sakafuni tumebanana, milango imefunguliwa, supu ya majani ya figili inachemka jikoni. Baba Jae-gon alikaa kizingitini, nusu ndani nusu nje, mgongo kwenye nguzo. Tuliimba. Mchungaji akaomba. Kisha akamwashiria mama mfiwa.

Alisimama na daftari lake, si Biblia. Alisoma kwa sauti ya kawaida, kama anasoma orodha ya kazi, na labda ndiyo maana kila neno liliingia. Alipofika kwenye giza akanyamaza.

Mchungaji alisubiri kidogo. "Endelea, dada."

"Imeishia hapo, Mchungaji."

"Naam, na shukrani?"

"Imeishia hapo."

Mzee mmoja wa kanisa, anayeogopa ukimya kuliko dhambi, alianza kuvuta wimbo wa furaha puani. Nilitamani kumtia kinywani kimchi, kabichi yetu ya kuchachusha kwa pilipili. Lakini Mchungaji Noh alikuwa ameshafungua Biblia yake. Alisoma kimya, midomo ikicheza. Aliinua mkono, wimbo ukafa. Namheshimu kwa mkono ule mpaka leo.

Ndipo sauti ikatoka kizingitini.

"Mama Jae-gon."

Watu wote tuligeuka. Mwaka mzima jina hilo halikuwa limesikika ndani ya nyumba ile. Mwanamume yule hakuwa anamtazama mtu, alikuwa anatazama viatu vyetu vilivyojipanga nje.

"Mimi ndiye niliyemwambia arudi mara moja zaidi. Alisema amechoka. Nikamwambia mvua inakuja, nenda."

Mkewe alikuwa bado amesimama, daftari limemning'inia mkononi.

"Najua, Baba Jae-gon," akasema. "Na mimi ndiye niliyepakia. Nilipakia kupita kiasi, ili asirudi tena."

Mungu wangu. Mwaka mzima wamelala chumba kimoja, kila mmoja na lake. Na sisi nje tulikuwa tunawapelekea kimchi na maneno.

Baba Jae-gon alivua kofia. Alitambaa kwa magoti akapita katikati yetu, tukampisha, mpaka akafika miguuni pa mkewe. Akaketi pale.

"Soma tena," akamwambia.

Mkewe akakaa chini kando yake, akafungua daftari likawa juu ya magoti ya wote wawili, akaanza upya. Mumewe hakuwa msomaji mzuri, alikuwa anachelewa nyuma yake neno moja moja. Walipofika mwisho, yeye alitangulia kunyamaza, na mumewe akabaki peke yake na lile neno la mwisho, akalitamka, kisha akasema amina.

Shukrani haikutolewa. Tulikula supu. Nilipomaliza kuosha vyombo nilisimama mlangoni nikafunga viatu, nikageuka.

"Kesho alfajiri nikupitie twende maombini, Mama Jae-gon?"

"Nipitie," akasema. "Lakini usianze kuniambia Mungu anahitaji nini."